Vyombo Visivyoingia Mashineni

Mdogo wangu mpenzi, Mama Wawili,

Pokea salamu zangu kabla hujaikunjua karatasi yote, maana barua hii ni ndefu na nakujua, utaanza kutafuta mwisho. U hali gani? Na mgongo je, ule ulioniandikia kwamba ukiinama kuwasha jiko unabaki hukohuko chini mpaka mtoto aje akunyooshe? Wapwa zangu wote wawili hawajambo? Yule mdogo bado anaongeza maneno kama mjomba wake, au mwalimu amemtibu? Mimi kaka yako ni mzima kwa kiwango changu. Nakula, nalala, nasimama. Magoti tu ndiyo yameanza kunifanyia jeuri. Nimekaa juu ya kreti la soda nyuma ya jiko la hoteli, saa tisa alasiri. Chakula cha mchana kimekwisha na cha jioni hakijaanza. Katika siku nzima hiki ndicho kipande pekee ambacho hakuna anayeniita.

Barua yako niliipata Jumatatu. Nimeisoma mara nne, ya kwanza kwa macho, zilizobaki kwa tumbo. Unasema mumeo, shemeji yangu, amerudi nyumbani na begi lake na mkono umefungwa bandeji, amefukuzwa kazi huku kwa kuharibu vyombo vya mpishi mkuu. Ukimuuliza, anasema si yeye. Ukimuuliza basi ni nani, anautazama ukuta. Na wewe kwa jinsi ulivyo, ukakata shauri kwamba mtu anayesema si yeye na hataki kusema ni nani, basi ni yeye huyohuyo. Halafu ukaniandikia habari ya yule mama msimamizi wa kantini hapo kiwandani kwenu, kwamba anatafuta mtu wa jikoni, na atamchukua mumeo iwapo tu wewe mwenyewe utasimama mbele yake umdhamini kwa kinywa chako kuwa ni mtu mkweli. Anataka jibu kabla ya Ijumaa ijayo. Unaniuliza, kaka, ulikuwepo, nimdhamini au nisimdhamini? Pale chini ukaongeza maneno kuhusu godoro lake kuhamia chumba cha watoto. Hayo ni ya ndani ya nyumba yako, siyarudii.

Nitakujibu. Ila nivumilie kidogo, maana mimi maneno hayatoki kwangu mpaka yazunguke nyumba yote kwanza. Ndivyo nilivyozaliwa, mama mwenyewe alisema.

Kwanza ulijue jiko lenyewe. Mashine ya kuoshea vyombo tuliyo nayo hapa ni kubwa kama kabati la milango miwili. Unapanga vyombo kwenye trei, unasukuma ndani, unashusha mlango, unabonyeza. Huko ndani maji ya moto yanapiga kama mvua ya mawe, pamoja na dawa kali ambayo ikidondokea kiatu, kiatu kinaomba msamaha. Mhudumu mmoja alisahau kofia yake ya kitambaa juu ya trei. Ilitoka imesinyaa hata akamvalisha paka wa stoo, na paka akalalamika kwamba inambana. Usicheke, waulize. Mimi nimekaa na mashine hii miaka tisa. Kuna siku nimeosha sahani elfu nne kabla sijanywa chai. Fundi wake alikuja kutoka mbali na sanduku la vifaa, akahangaika nayo mpaka jasho likamwingia machoni. Mimi nikaipiga teke moja tu, upande wa kushoto, chini kidogo ya bawaba, ikanguruma. Tangu siku hiyo jikoni wananiita Injinia. Na huko nyumbani nimewaandikieni miaka yote kwamba mimi ndiye mkuu wa mitambo, bila mimi hoteli hii ingelisha wageni kwenye magazeti.

Haya. Pembeni ya dirisha, ng'ambo ya mashine, kuna meza moja ya bati. Hiyo tunaiita meza ya mkono. Hapo vinawekwa vyombo ambavyo mashine ingeviua, na kuna mtu mmoja wa kuviosha, polepole, kwa sifongo na maji ya vuguvugu. Utaratibu wa jiko letu hauna mjadala: mtu wa mashine hagusi meza ya mkono, na mtu wa mkono hagusi mashine. Shemeji alipokuja huku miezi minane iliyopita, baada ya karakana yake ya useremala kufungwa, mimi ndiye niliyemwombea hiyo meza. Nilimwambia mpishi mkuu kwamba huyu ni mume wa mdogo wangu, mtu wa mikono, anaweza kukuoshea yai bila kulivunja. Hapo sikuongeza kitu.

Na kweli akaiweza. Wewe umelala naye nyumba moja, unajua anavyofanya kazi: hana haraka, hana kelele, kila kitu anakigeuza upande wa pili akitazame. Wahudumu wakampa jina, Taratibu. Siku za mwanzo alikuwa akinieleza mambo kama mwalimu. Kwamba ubao wa kukatia nyama ukiingia mashineni unalewa maji, ukitoka unakauka ghafla, mbao zinaachana. Kwamba miiko nayo ni hivyohivyo, inaota manyoya. Kwamba visu huko ndani vinagongana vinapoteza makali, na gundi ya kwenye mpini inalegea. Kwamba sufuria za alumini dawa ile inazifanya nyeusi hovyo, na vikombe vya mwenye hoteli vyenye ukingo wa dhahabu vinafutika kidogokidogo mpaka vinabaki kama vya zahanati. Akachukua kipande cha plaiwudi, akayaandika yote kwa penseli yake ya useremala, mwandiko umenyooka kama umepigwa rula, akakipigilia ukutani juu ya meza. Mimi, na darasa langu la nne, nilisoma mstari wa juu tu. Yaliyobaki niliwaambia watu nayajua kwa kichwa.

Sasa mpishi mkuu. Ni mama wa makamo, mzito, tunamwita Bibi Mizani kwa sababu kila kitu anapima, hata chumvi ya kujionjea mwenyewe. Huyu ana kikaango chake cha chuma, kizito, cheusi, kinang'aa kama jicho la ng'ombe. Alipewa na mwanamke aliyemfundisha kupika, ambaye sasa ni marehemu. Kikaango hicho hakijaguswa na sabuni miaka thelathini. Kinapanguswa kwa chumvi na kitambaa, kinapakwa mafuta kidogo kiasi cha kuona haya, kinapashwa moto, basi. Yai linateleza humo lenyewe, mpishi kazi yake ni kulifuata. Alikuwa akikipangusa kwa mkono wake na hakuna aliyethubutu. Shemeji alipofikisha wiki ya sita, Bibi Mizani akamwita, akampa kikaango akipanguse. Sisi wote tuliacha tulichokuwa tunafanya. Mimi katika miaka yangu tisa maneno aliyoniambia yule mama ni mawili: sogea, na hii ina ukoko, rudisha.

Basi siku ile ilikuwa Jumamosi. Kulikuwa na mkutano wa wauza bima, watu mia tatu, na wauza bima wanakula kama wanajua tarehe yao ya kufa. Mkono wa kulia wa shemeji ulikuwa umepasuka kwa maji na sabuni, ngozi katikati ya vidole imefunguka, umeanza kuvimba. Saa nne asubuhi Bibi Mizani akamwamuru aende zahanati. Meza yake ilikuwa imejaa vyombo vya chai ya asubuhi. Akavifunika kwa taulo, akanijia mashineni, akaniambia kwa ile sauti yake ya kuazima kwamba, shemeji, naomba uniachie vyote, nitavikuta, kikaango kimeshapanguswa, mama akikihitaji mpe tu.

Nikamwambia aende salama, mkuu wa mitambo yupo.

Saa tano na nusu mvuke umejaa jikoni, trei zinakuja moja nyuma ya nyingine, magoti yangu yananipigia kelele. Mhudumu mmoja mrefu, wanamwita Twiga, akapita na sinia, akaona ile meza imefunikwa. Akaanza. Akasema, eti Injinia, leo Taratibu hayupo, vipi, meza imekushinda? Mashine yako simba kwa sahani, ikiona mwiko inakuwa paka. Wenzake wakacheka. Mwingine akadakia kwamba mwacheni mzee, yeye kapewa kazi ya kubonyeza, kazi ya kuosha ina wenyewe. Twiga akachukua sinia lake, wote wakarudi ukumbini, na wapishi walikuwa upande wa pili, kwenye moto.

Muda mfupi baadaye vile vyombo viliingia mashineni. Vyote, pamoja na kikaango. Vilipotoka, mdogo wangu, usingetaka kuona. Ubao mkubwa ulikuwa umepasuka kutoka kona hadi kona. Visu viwili vimelegea mipini, vingine makali yamekatika meno. Vikombe vya mwenye hoteli dhahabu imetoka mabaka, vinne vina pengo. Na kikaango kilitoka kijivu, kikavu, kama kiwiko cha mzee. Nacho kikaendelea kubadilika hukohuko hewani, unakitazama kinaota kutu kama mtu anayeota vipele.

Naona nimeandika kwamba vyombo viliingia. Kama vile vina miguu.

Niliviingiza mimi.

Nimekaa na kalamu juu ya neno hilo mpaka mtu wa mboga amekuja, ameshusha viroba vyake, ameondoka. Ni mimi, Mama Wawili. Mumeo hakugusa kitu. Alikuwa zahanati, mkono wake kwenye beseni la dawa.

Ungekuwa mbele yangu ungeniuliza kwa nini, na mimi ningekujibu kwamba nilitaka kumsaidia, mkono wake unauma, nikaona nimpunguzie. Hilo nilijiambia mwenyewe wiki mbili na lilikuwa linakubali kumezwa. Halafu nikajiambia ni Twiga na mdomo wake. Hilo nalo lina ukweli, kwa nusu saa. Ila ungekuwa ni mdomo wa Twiga peke yake, ningeingiza miiko, nikaishia hapo. Kikaango nilikichukua kwa makusudi. Kilikuwa juu ya rafu yake, hata mezani hakikuwepo. Nilinyoosha mkono nikakitoa. Nilitaka kiingie kwenye mashine yangu kama chombo kingine chochote, kitoke kisafi, halafu nimwonyeshe yule mama kwamba hakuna uchawi wowote mikononi mwa mume wa mdogo wangu. Wivu, basi. Mtu mzima na mvi zangu, nimemwonea wivu shemeji yangu kwa sababu ya kupewa kitambaa na chumvi.

Nilivitoa mwenyewe, nikavirudisha mezani, nikavipanga juu ya taulo kama vilivyooshwa kwa mkono. Kikaango nikakilaza kifudifudi. Sijui nilifikiri nini. Nafikiri sikufikiri. Nilikuwa nimechoka hata woga ulikuja umechelewa.

Shemeji akarudi saa saba na bandeji yake. Akafunua. Alikigeuza kikaango, akakitazama, kisha akakivuta kifuani akaanza kukisugua kwa chumvi na mafuta, kwa mkono wa kushoto ule mzima. Bibi Mizani akamkuta hivyohivyo. Akamwuliza nani amefanya haya. Hata feni naona ilipunguza kelele. Shemeji akaniangalia mara moja, si kwa kunishtaki, kama mtu anayekupisha mlangoni uanze wewe. Na mimi nikafungua mdomo. Miaka hamsini na moja mdomo huu haujawahi kukosa la kusema, na siku hiyo ukasema, mimi nilikuwa nyuma kwenye mapipa ya taka.

Bibi Mizani akamgeukia yeye, akamwuliza hii meza ni ya nani. Akajibu kwamba meza ni yake. Akamwuliza umekiweka mashineni? Akajibu tena kwamba meza ni yake. Hakuongopa na hakunitaja. Yule mama hakufoka. Alichukua kikaango, akakifunga kwa aproni yake kama anafunga mtoto, akasema nenda, nisikuone.

Nilimsindikiza mpaka kituo cha basi na begi nikalibeba mimi, nikajiona mwema kwa kulibeba. Njiani akanieleza jinsi chuma kile kinavyoweza kupona: kisafishwe kutu yote, kipakwe mafuta membamba, kichomwe, kipoe, na tena, mara sita au saba, asiwe na haraka. Alisema nimwambie Bibi Mizani. Huyo ndiye mumeo, anafukuzwa huku anaacha maelekezo. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema mimi ndiye niliyesimama mahali pa baba siku alipokuja kukuposa, na kwamba watoto wake wananitangaza shuleni kwao, mjomba hivi, mjomba vile. Akasema, shemeji, siwezi kuwapunguzia mjomba. Kisha akaniambia nitafute kitu cha kukalia kwa sababu ya magoti, akapanda basi.

Hapo bado sikusema kitu. Wiki tatu nzima. Nilikuwa nikibonyeza mashine na kuhadithia watu habari nyingine. Mpaka barua yako Jumatatu.

Jumanne asubuhi kabla ya moto kuwashwa nilimfuata Bibi Mizani stoo, nikamwambia. Nilisema kwa maneno machache kuliko yote niliyowahi kusema katika jengo lile. Na unajua alifanya nini? Alitabasamu, tabasamu la mtu aliyechoka, akanipiga bega. Akasema Injinia, wewe ni ndugu mzuri, unataka kumbeba shemeji yako arudi. Nikamwapia. Akasema uliapa pia kuhusu kofia ya paka. Nikamwapia tena, akaniuliza kama bado nasimama kwenye habari ya teke, kwa sababu yeye alikuwepo siku ile, fundi alikuwa amemaliza kuitengeneza na alikuwa anafunga sanduku lake. Mdogo wangu, miaka tisa nilifikiri wananisadiki. Kumbe walikuwa wananiacha tu. Nimesimama pale na neno langu moja la kweli, na hakuna mahali pa kuliweka.

Ndipo nikamwambia akalete kikaango. Nikamweleza kwamba siku ile trei ilijaa, nikakifunika kikaango juu ya vikombe vitano vya dhahabu, vinne vikizunguka na kimoja katikati. Vile vinne vya kuzunguka ndivyo vilivyopata pengo. Vikombe niliviondoa nikavipanga mbali nacho kabla mtu yeyote hajaingia, kwa hiyo jinsi vilivyokaa hakuna anayejua ila aliyepanga. Akaenda kabatini kwake. Alipokigeuza dirishani, ndani ya kile kijivu kulikuwa na duara tano hafifu, kama alama za glasi juu ya meza, nne zikizunguka moja. Alikuwa ameziona kila siku na hakujua ni nini.

Akakaa juu ya gunia la vitunguu. Baadaye akaniuliza kwa nini, nikamjibu kama nilivyokujibu wewe. Akasema mumeo alipewa kikaango kwa sababu siku moja alimwuliza kinapanguswaje. Akasema mimi sikuwahi kuuliza kitu hata kimoja, kila alipotaka kufungua mdomo nilikuwa nimeshaanza kuhadithia. Nikampa yale maelekezo ya chuma, kwa ukamilifu, nikimtaja mwenyewe, mumeo. Tangu juzi amekichoma mara nne. Pembezoni weusi umeanza kurudi. Katikati bado.

Kazi yangu inakwisha mwisho wa mwezi. Amesema nimalizie siku hizi kwenye meza ya mkono, mashine amempa Twiga. Kwa hiyo vidole vyangu navyo vimeanza kupasuka, na jana nimekisoma kile kipande cha plaiwudi mpaka chini, kwa kidole, mstari kwa mstari. Kumbe hata chupa za chai hakuzisahau, na vikaango vya kutonata.

Na kwa kuwa tumeshafika hapa, malizia na hili: mimi si mkuu wa mtambo wowote. Nakwangua mabaki, napanga trei, nabonyeza. Mashine ikigoma naita watu.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ndogo ya Bibi Mizani kwa mumeo. Ameiandika mwenyewe na ameipima kama chumvi, ni mistari mitatu. Anamwomba radhi na kumwambia meza yake ipo. Mimi kama naruhusiwa kusema, naomba asirudi. Mikono ile inahitaji kupumzika na maji haya, na nyumba yako inamhitaji zaidi kuliko visu vya watu. Ila aamue mwenyewe, safari hii mimi simwombei chochote.

Sasa swali lako. Isome barua hii yote mbele yake. Ukifika pale kwenye mapipa atataka kukuzuia, usimsikilize, endelea. Watoto uwaambie au usiwaambie, utapima wewe. Alitaka kuwalindia mjomba wao, lakini mjomba huyo alikuwa mkubwa kwenye karatasi tu. Mimi naona waanze kunijua saizi yangu, bado nina miaka ya kuishi nao.

Halafu nenda kwa mama msimamizi kabla ya Ijumaa, ukamdhamini. Ukifika, tafadhali usimwambie kwamba kaka yako amekuhakikishia. Neno langu halina uzito huku nilipo, na sioni kwa nini liwe na uzito huko. Mwambie unamjua wewe. Miaka kumi na minne mmekula sahani moja, hujawahi kumkuta na uongo hata wa kukuambia chakula ni kitamu. Alikwambia si yeye, na ulikuwa na kila sababu ya kuishia hapo, bila kuniuliza mimi.

Nasikia sinia zinagongana ndani, zamu imeanza. Wasalimie wapwa zangu, wasalimie majirani wanaonikumbuka kwa mema na wale wanaokumbuka sawasawa. Mgongo uukande kwa maji ya moto, usibebe ndoo. Na mumeo mwambie shemeji yake anamsalimia, na kama hatajibu salamu, ana haki.

Ni mimi kaka yako wa tumbo moja, mwosha vyombo.